Odoo kwenye duka la vifaa vya ujenzi: kaunta wanaisifia, meneja anaipenda, bosi bado ana kazi

Nianze na hukumu kabisa kwa wenye haraka. Odoo, yani mfumo wa kompyuta wa kuendesha mauzo, stoo na manunuzi, ni mfumo mzuri, naupa nyota nne kati ya tano, na kwa biashara ya kati kama yetu yenye matawi matatu na stoo moja kubwa ningeichagua tena. Ila hizo nyota nne hazigawanyiki sawa. Keshia angeipa tano, meneja wa tawi angeipa nne na nusu, mwenye mali angeipa tatu, na kila mmoja angekuwa sahihi kwa pale alipokaa. Watu wengi wanaouliza "mfumo gani mzuri wa duka" hawasemi ni mzuri kwa nani, ndio maana naandika kirefu.

Tunauza vifaa vya ujenzi jumla na rejareja, nondo, bati, saruji, misumari, rangi, waya, mabomba, vitasa, yani kila kitu fundi anachohitaji kabla hajapanda kwenye kenchi. Tawi moja Kariakoo, moja Mbagala, moja Morogoro. Mwenye mali ni mama mmoja aliyeanza na kaunta moja na kaunta buku lake, sote tunamwita Mama. Mimi nasimamia uendeshaji, niko katikati, chini yangu kuna mameneja wa matawi, makeshia na watu wa stoo, juu yangu kuna Mama. Kwa hiyo naiona hii kitu kutoka pande zote mbili kila siku.

Odoo yenyewe kwa asiyeijua imetoka Ubelgiji, ilianza mwaka 2005 ikiitwa TinyERP, baadae ikawa OpenERP, na tangu 2014 ndio inaitwa Odoo. Iko ya aina mbili. Kuna Community ambayo ni bure na msimbo wake uko wazi, unaiweka kwenye seva yako au ya kukodi, na kuna Enterprise ambayo unalipia kwa kila mtumiaji na inakuja na vitu vya ziada. Sisi tunatumia Community. Ina moduli nyingi sana, yani vipande vya mfumo kila kimoja na kazi yake, unachukua unazotaka, sisi tuna kaunta, stoo, manunuzi, mauzo ya jumla na ankara basi.

Sasa chukua mauzo mamoja tu. Asubuhi fundi kaja Mbagala kachukua nondo kumi za milimita 12 na waya wa kufungia kilo mbili, kalipa kwa lipa namba. Keshia anachotaka kujua hapo ni pesa imeingia au haijaingia, na jioni droo yake itafunga. Meneja wa tawi anataka kujua nondo zimebaki ngapi na aagize leo au asubiri Ijumaa. Mimi nataka kujua kama Mbagala wanaanza kuuza nondo kuliko Kariakoo ili nihamishe mzigo badala ya kununua mwingine. Mama anataka kujua mwakani pesa yake aiweke kwenye nondo au kwenye rangi, na kama afungue tawi Dodoma. Mauzo ni yale yale, risiti ni ile ile moja, lakini mmoja anaangalia saa kumi na mbili jioni, mwingine wiki hii, mwingine robo mwaka, mwingine miaka mitatu mbele. Wasomi wa menejimenti hili wameliandika zamani, kuna profesa wa Harvard anaitwa Robert Anthony mwaka 1965 aligawa kupanga na kusimamia katika ngazi tatu, ya juu ya kuamua biashara inaelekea wapi, ya kati ya kuhakikisha rasilimali zinatumika vizuri, na ya chini ya kazi ya kila siku. Duka la nondo Mbagala liko vile vile, tofauti ni kwamba huku ngazi zote tatu zinaweza kuwa zinagombania laptopu moja.

Kipimo changu cha mfumo ni hicho. Ile risiti moja ikishaingia, je kila mtu anapata kipande chake, kwa muda wake, bila kumsumbua mwenzake?

Tuanze kaunta, maana huko ndiko Odoo inang'aa. Keshia akifika anafungua zamu, anaandika pesa ya chenji aliyoanza nayo, siku nzima anauza, jioni anafunga zamu kwa kuhesabu pesa na mfumo unamwambia hapo hapo umepungukiwa au umezidi shilingi ngapi. Tumeweka njia za malipo tofauti, kesh peke yake, lipa namba peke yake, benki peke yake, kwa hiyo ile kelele ya zamani ya "bosi hela iko kwenye simu" imekwisha, unaona mauzo ya lipa namba leo ni kiasi gani unalinganisha na meseji za simu unamaliza. Kila keshia ana namba yake ya siri. Intaneti ikikatika katikati ya zamu kaunta inaendelea kuuza, ikirudi inapeleka risiti zote kwenye seva yenyewe, na kwa Mbagala hilo peke yake lina thamani kubwa. Cha muhimu zaidi keshia haoni vitu visivyomhusu. Haoni bei tuliyonunulia, haoni mauzo ya Morogoro, skrini yake ina bidhaa, bei na jumla. Wengine wanadhani kumficha keshia ripoti ni kutomwamini, mimi naona ni kumheshimu, mtu mwenye foleni ya mafundi sita na kirikuu nje inapiga honi hahitaji grafu.

Kitu kingine cha kaunta ambacho kwenye vifaa vya ujenzi ni roho ya biashara ni vipimo. Waya wa umeme tunanunua kwa roli tunauza kwa mita. Misumari tunanunua kwa katoni tunauza kwa kilo, na fundi mwingine anataka nusu kilo. Nondo jumla inaongelewa kwa tani, rejareja kwa kipande. Odoo unaiambia roli moja ni mita 90, mtu wa manunuzi anapokea roli tano, kaunta inaona mita 450, fundi akikata mita 37 inabaki 413. Huu ndio mtihani wa kwanza nampa mtu yeyote anayekuja kuniuzia mfumo, namwambia nionyeshe mita 37 zinavyotoka kwenye roli, wengi huishia hapo.

Kwa kaunta sina lawama. Nikienda kwa meneja wa tawi sifa zinaendelea ila hapa ndipo akili ya mtu inaanza kuhitajika.

Meneja wa tawi kazi yake kubwa ni kutoishiwa na kutojaza. Ukiishiwa nondo fundi anavuka barabara na hatorudi kwa ajili ya bati pia, ukijaza umelaza pesa ya Mama sakafuni. Odoo ina kitu cha kuweka kiwango cha chini na kiwango cha juu kwa kila bidhaa kwa kila stoo, mzigo ukishuka chini ya kile cha chini inakuletea kwenye orodha ya kuagiza, na ukiithibitisha inatengeneza oda kwa msambazaji. Uzuri wake haiangalii tu kilichopo rafuni. Inaangalia kilichopo, kinachokuja njiani, na kilichoshaahidiwa kwa mteja, halafu inakupa makadirio ya kitakachobaki. Kwa wauzaji wa jumla hili ni kubwa sana maana mteja wa Kilosa akishalipia bati mia mbili akasema fuso itakuja Jumatano, zile bati ziko dukani kwa macho lakini sio zako tena. Zamani meneja alikuwa anaziona anaziuza, halafu Jumatano ni ugomvi.

Kile kiwango cha chini kinatoka wapi sasa? Hapa naomba msome taratibu maana ndipo maduka mengi yanapoacha kutumia hii kitu wakisema haifanyi kazi. Tuseme tawi linauza nondo za milimita 12 wastani wa vipande 40 kwa siku. Msambazaji ukimpigia leo mzigo unafika baada ya siku tano. Hapo tayari unahitaji vipande 200 vya kukufikisha. Ongeza akiba kidogo kwa siku ambayo mkandarasi mmoja anakuja kuchukua 80 mara moja, au lori limekwama, tuseme 100. Kiwango cha chini ni 300. Sio 50, sio "tukibakiza chache tuagize". Hizo namba tatu zinapatikana ndani ya mfumo wenyewe, mauzo ya siku yapo, muda wa msambazaji upo kwa sababu tarehe ya oda na tarehe ya kupokea zote zinahifadhiwa. Taarifa za ngazi ya chini ndio zinazaa mpango wa ngazi ya kati, keshia asipopiga risiti ya vile vipande 80 basi wastani wako ni wa uongo na kiwango chako cha chini ni cha uongo.

Na ndio hapa ilipo nusu nyota niliyokata. Viwango hivi unaviandika wewe, vinakaa pale pale mpaka uvibadilishe. Odoo haijui kwamba masika inaanza Machi ujenzi wa msingi unapungua na watu wanakumbuka paa linavuja. Haijui kwamba minada ya korosho inaanza Oktoba, na pesa ikishawafikia wakulima wa Mtwara na Lindi wateja wetu wa jumla wa kule wanatafuta bati kama wanaokimbizwa. Haijui kwamba Novemba na Desemba watu wanaojiandaa kwenda Moshi na Bukoba kwa sikukuu wanapaka nyumba rangi. Haijui kuwa Ramadhani inasogea siku kama kumi na moja nyuma kila mwaka, kwa hiyo ukilinganisha Machi ya mwaka huu na Machi ya mwaka jana unalinganisha vitu viwili tofauti. Sisi tumeweka utaratibu kila robo mwaka mameneja watatu wanakaa na orodha ya bidhaa zinazotembea sana, wanatoa mauzo ya kipindi kile kile mwaka uliopita, wanajadiliana, wanabadilisha viwango. Ni kazi ya mchana mmoja. Ripoti ya kulinganisha inatoka vizuri sana, unapanga kwa tawi, kwa mwezi, kwa aina ya bidhaa, unageuza mistari kuwa safu, unatoa kwenda Excel ukitaka. Lakini uamuzi ni wenu.

Kuhamisha mzigo kati ya matawi nako kuko poa, Morogoro wana rangi imelala, Kariakoo inatoka, unatengeneza uhamisho, mtu wa Morogoro anathibitisha imetoka, wa Kariakoo anathibitisha imefika, na ikiwa njiani inaonekana iko njiani. Kwangu mimi wa katikati hii ndio sehemu naitumia kuliko zote. Kabla ya hapo kila tawi lilikuwa linaagiza kama duka la mtu mwingine kabisa, tunanunua kitasa kile kile huku wakati kule kimejaa vumbi.

Sasa niongee kuhusu aliyetufungia mfumo, sio Odoo yenyewe. Jina sitaji. Alikuja na maneno mazuri, akachukua orodha yetu ya bidhaa kutoka kwenye faili la zamani akaimwaga ndani ilivyo, bila kusafisha. Bati moja ikawa na majina matatu, moja "bati g30 m3", nyingine "Bati geji 30 mita 3", nyingine "BATI 30G". Halafu akaweka bidhaa moja inaitwa "Mengineyo" yenye bei ya kuandika mwenyewe, eti keshia akikosa kitu asikwame. Unajua kilichofuata. Keshia mwenye foleni hawezi kutafuta "kona ya bomba robo tatu inchi", anabonyeza Mengineyo anaandika bei anaendelea. Ripoti ya mwezi ikatoka, bidhaa inayoongoza kwa mauzo kwenye tawi la Kariakoo ni Mengineyo. Mama akaniuliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, hii mengineyo tunainunua wapi, tuongeze oda?" Hakuna aliyecheka. Stoo haikuwa inapungua kwa zile bidhaa, kwa hiyo mfumo ulidhani zipo, kwa hiyo haukuleta kwenye orodha ya kuagiza, kwa hiyo zikaisha kweli rafuni huku kompyuta inasema ziko 60. Kitufe kimoja kaunta kiliharibu ngazi zote mpaka juu.

Tukamalizana na yule bwana, tukatafuta kijana mwingine, tukafuta Mengineyo, tukapiga hesabu ya stoo nzima kwa mikono, kila bidhaa jina moja lenye mpangilio mmoja, aina kwanza, halafu kipimo, halafu kampuni. Majina tumeweka yale mafundi wanayoyaita, sio ya kwenye katalogi. Ukifunga Odoo, bajeti yako ya kusafisha orodha ya bidhaa iwe kubwa kuliko bajeti ya kununua kompyuta. Nasema hivi kwa uchungu kabisa kwa sababu mafundi wengi wa mifumo wanalipwa kwa kufunga, hawalipwi kwa kusafisha.

Tupande kwa Mama.

Mama hataki kujua nondo zimebaki ngapi Mbagala, japo kwa mazoea ya miaka mingi bado anapiga simu kuuliza. Maswali yake ya kweli ni mengine. Pesa yangu imekaa wapi? Nani ananidai na nani namdai? Mwakani niongeze nini, nipunguze nini? Kwa swali la kwanza Odoo inajibu vizuri, thamani ya mzigo uliopo kwa kila stoo inatoka kwa kubonyeza mara mbili tatu, na ilimshtua. Kuna vigae na masinki tulivyokuwa navyo tangu enzi hizo, mzigo umelala, faida kwa karatasi ni nono lakini havitembei. Wakati saruji ambayo kila mtu anaidharau kwa faida ndogo inageuza pesa mara nyingi kwa mwezi. Tukafanya hesabu nae mezani. Tuseme umeweka milioni kumi kwenye saruji, unapata asilimia tatu kila inapoisha, inaisha mara nne kwa mwezi, hiyo ni milioni moja na laki mbili kwa mwezi kwa mtaji ule ule. Milioni kumi nyingine iko kwenye masinki, faida asilimia thelathini, inaisha kwa mwaka mzima, hiyo ni milioni tatu kwa mwaka, laki mbili na nusu kwa mwezi. Namba zenyewe ni za mfano, za kwetu zinabaki kwetu, lakini sura yake ilikuwa hiyo hiyo. Mama alikaa kimya muda mrefu halafu akasema masinki yauzwe kwa bei yoyote inayorudisha mtaji na chumba kile kiwe cha saruji. Uamuzi huo ulitoka kwenye risiti za makeshia wetu, ambao wao wala hawakujua wanamwandalia Mama uamuzi.

Swali la madeni ndipo Odoo ya bure inapoanza kuchechemea. Sisi wa jumla tunatoa mali kauli, hilo haliepukiki, mteja wa mkoani anachukua mzigo analipa akiuza. Mama anataka karatasi moja inayosema nani anadaiwa, deni lina siku ngapi, limevuka thelathini, limevuka sitini. Kwenye Community unapata ankara na unaona nani hajalipa, lakini ripoti kamili za uhasibu, umri wa madeni, mizania na kadhalika, ziko Enterprise. Kuna njia, ile jumuiya ya watengenezaji wa kujitegemea wa Odoo inayoitwa OCA ina moduli za bure zinazotoa hizo ripoti na sisi tunazitumia, ila lazima uwe na kijana anayejua kuziweka na kuzitunza, sio kitu cha kubonyeza tu. Biashara yako ikiwa ni mali kauli kwa sehemu kubwa piga hesabu ya Enterprise kabla hujasema bure ni bure.

Na swali la mwakani, la tawi jipya, hapo mfumo wowote wa duka unafika mwisho wake, sio Odoo peke yake. Ile dashibodi, skrini ya muhtasari wa namba, inakuonyesha ulikotoka. Mwaka 2023 dola ilivyokuwa adimu, waliokuwa wanaagiza vitasa na bomba kutoka China walijua kwa benki na kwa wenzao, hawakujua kwa ripoti ya mauzo. Mwezi Mei mwaka huo huo wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka kwa mgomo, hakuna grafu iliyotabiri. Serikali ilivyohamia Dodoma, sheria ikapita 2018 kuitambua kama makao makuu, ujenzi ukapanda kule, na treni ya SGR ikaanza kufika Dodoma 2024, hizo zote ni taarifa za kuamua kama ufungue tawi kule, na hakuna hata moja inayoingia kupitia kaunta. Mama anazipata kwa madereva wa mafuso, kwa mawakala wa forodha, kwa kina mama wenzie wa vikoba, kwenye hotuba ya bajeti mwezi Juni. Tulichofanya ni kumtengenezea karatasi mbili kila mwisho wa robo mwaka, ya kwanza inatoka Odoo, mtaji umekaa wapi, nini kinatembea, nani anadaiwa, tawi gani linabeba jingine. Ya pili tunaandika wenyewe, dola, mvua, korosho, miradi, washindani. Anazisoma pamoja halafu ndio tunakaa.

Inanisikitisha ninavyoona wenye maduka wakinunua mfumo ili waangalie mauzo ya kila saa kwenye simu wakiwa kitandani. Mama nae mwanzoni alikuwa hivyo, apu ikilia anapiga simu Morogoro, "mbona saa tano hii mmeuza laki mbili tu?" Meneja anaacha kazi anajieleza. Yule meneja akawa anaogopa kuagiza chochote bila kuuliza, na Mama akawa hana muda wa kufikiria Dodoma. Nilimwomba kwa heshima, nikamwambia Mama, naomba ya kila siku utuachie, wewe utuulize ya mwezi. Tukamtoa kwenye skrini ya kila siku, tukamwekea ile ya wiki, Jumatatu asubuhi. Ukimpa kila mtu haki ya kuona kila kitu hautakuwa umewapa taarifa zaidi, utakuwa umehamisha kazi ya meneja kwenda kwa bosi na kazi ya bosi imebaki haina mtu. Odoo inakupa uwezo wa kugawa nani aone nini kwa kila moduli, tumia huo uwezo kwa watu wa juu pia.

Mambo madogo madogo ya kuyajua kabla. Risiti za EFD, zile za kodi za TRA, sisi tunatoa kwenye mashine pembeni, yani keshia anafanya kazi mara mbili kwa kila mauzo, kuunganisha kunahitaji mtu wa kukujengea moduli na ni gharama, ulizia mapema. VAT ya kawaida ya asilimia 18 unaiweka vizuri na ripoti ya mwezi inamsaidia mhasibu kuwahi ritani ya tarehe 20. Toleo jipya linatoka kila mwaka na matoleo ya nyuma hayahudumiwi milele, kwa Community kuhama toleo ni kazi yako mwenyewe, msikimbilie, sisi tunaruka matoleo. Bakapu iwe ya kila siku na iwe sehemu mbili, hilo hata sio la kujadili. Na kompyuta za kaunta zisiwe mbovu sana, inafunguka kwenye brauza, kompyuta yenye memori ndogo itamtesa keshia.

Nani aichukue? Kama una kaunta moja na unauza wewe mwenyewe, bado, Excel na daftari safi vinakutosha, ngazi zote tatu ni wewe na zote zinakaa kichwani. Ukishakuwa na tawi la pili ambalo hulali nalo, au mtu mwingine ndio anaagiza mzigo, hapo ndipo inaanza kulipa. Fundi wa kufunga akija kukuonyesha demo usimwachie aonyeshe grafu za rangi rangi. Mwambie apokee roli tano za waya, auze mita 37, azime waifai auze tena, amuahidi mteja bati mia mbili za Jumatano, halafu aingie kwa jina la keshia, kwa jina la meneja na kwa jina la bosi, kila mara akuonyeshe skrini inasema nini. Umlipe nusu, nusu nyingine baada ya hesabu ya kwanza ya stoo kulingana na rafu.